Majigambo ya Kemilembe

Kila jioni, akishaosha vyombo, Kemilembe alipita katikati ya migomba ya Hamugembe kwenda kwa rafiki yake Sumaiya. Walitazama katuni kwenye simu ya mama Sumaiya. Kemilembe alipenda mashujaa wanaoruka angani, nguo ikipepea mgongoni.

Siku moja Mwalimu Rweyemamu aliwakuta darasani wakibishana ni shujaa yupi mwenye nguvu zaidi. Akacheka, akawaambia mashujaa hao wana babu zao. Hata Wahaya wa zamani walisimama mbele ya watu, mkuki mkononi, wakataja matendo yao. Majigambo hayo huitwa ebyebugo. Basi Ijumaa kila mwanafunzi angejigamba kwa tendo lake mwenyewe.

Kemilembe aliwaza, akakosa tendo la kutaja. Kuteka maji nako ni ushujaa? Ijumaa akajifunga kanga ya mama yake mabegani, akainua fimbo juu.

"Mimi Kemilembe! Maji ya mvua yalipofurika niliruka mtaroni, nikamtoa Riyadhi, mtoto wa jirani!"

Makofi yakavuma. Sumaiya hakupiga. Alivuta mkono wa sweta kufunika kovu alilolipata kwenye mawe ya mtaro. Siku ile walikuwa wawili tu, na aliyeruka ni yeye. Kemilembe alikimbia.

Zamu yake ilipofika, Sumaiya alisema hana la kujigambia.

Jioni Kemilembe alikwenda kama kawaida. Sumaiya akamwambia mlangoni kwamba simu haina chaji, akafunga. Kemilembe alibaki nje, akisikia katuni ikiendelea ndani. Uso ulimwaka.

Jumatatu aliomba kusimama tena. Safari hii hakuwa na kanga wala fimbo.

"Mimi Kemilembe. Aliyemtoa Riyadhi ni Sumaiya. Mimi nilikimbia."

"Shujaa wa mbio," Kashaija akasema kutoka nyuma, na darasa likacheka. Kemilembe alitazama sakafu, machozi yakidondoka kwenye viatu. Alipoinua macho, Sumaiya alikuwa amesogea kidogo kwenye dawati, akamwachia nafasi.

Mwalimu alinyamazisha kicheko.

"Shujaa wa zamani alijigamba mbele ya wale aliokwenda nao vitani," alisema. "Akidanganya, walimjua. Ukijivika sifa za mwenzako, wanangu, unamvua yeye."

Kisha akamgeukia Kemilembe. "Ijumaa ulikosa tendo lako mwenyewe. Leo unalo. Nenda kakae."