Maksai Walipopima Ghala

Mwaka wa 1987, Zadock wa Katito alikuwa akisomba mpunga wa majirani kwa mkokoteni wa maksai wawili. Mkewe, Adero, aliupepeta na kuutunza. Mvua ikinyemelea, maksai waliingia na mkokoteni hadi ndani ya ghala lao.

Lakini upepo wa ziwani uling'oa ghala hilo la miti. Mpunga ukalowa, ukaota ndani ya magunia. Adero aliumia sana, maana mwingine ulikuwa wa wajane waliomwamini.

"Tujenge la chuma," alisema. "Ukilowa tena, nitawatazama kwa macho gani?"

Wakaenda Kisumu kwa Badru, fundi wa kuchomelea vyuma. Badru alikuwa akitengeneza fremu za maghala vipande vipande. Vipande hivyo hufungwa kwa boliti pale pale ghala litakaposimama, kisha mabati hupigiliwa.

Zadock hakukawia kuchagua. "Nipe hii yenye nguzo katikati. Ni nyepesi, na bei ni nafuu. Na hivi vyuma vya mshazari viondoe, Bwana Badru. Ni urembo tu."

"Urembo? Mzee wee!" Badru alicheka. Alifunga fito nne kwa kamba, zikawa kama fremu ya mlango. Akazisukuma kidogo, zikalala upande. Kisha akafunga fito ya tano kutoka pembe hadi pembe. "Haya, sukuma wewe."

Zadock alisukuma mpaka jasho likamtoka. Wapi! Fito hazikulala.

"Upepo wa ziwa ndio huo mkono wako," Badru alisema. "Weka mshazari kwenye kuta na kwenye paa. Na miguu ya fremu ifungwe kwenye zege, isije ikang'oka."

"Na nguzo ya katikati?" Adero aliuliza.

"Haina ubaya, Mama. Lakini kazi yako ndiyo inayochagua fremu. Ndani kutaingia nini?"

Adero alimgeukia mumewe. "Baba Milka, maksai watageukia wapi?"

"Si watazunguka nguzo? Wana akili wale!"

"Msibishane," Badru alisema. "Pimeni kwanza nyumbani, ndipo mwagize."

Nyumbani, Adero alichora ghala uani kwa majivu. Akasimamisha vijiti vitatu katikati, badala ya nguzo. Zadock akaleta maksai na mkokoteni. Lo! Hawakumaliza hata mzunguko mmoja. Gurudumu liliangusha kijiti cha kwanza. Maksai mmoja akaangusha cha pili. Cha tatu alikiangusha Zadock mwenyewe, akiwakimbilia.

"Kweli wana akili," Adero alisema, akijishika mbavu kwa kicheko.

Basi wakaagiza fremu isiyo na nguzo katikati, yenye mishazari yote. Vyuma vyake vilikuwa vinene na ghali zaidi, kwa hiyo walipunguza urefu wa ghala.

Mwezi wa Aprili, ghala jipya likiwa limesimama, upepo ulikuja na mvua ya mawe. Mabati yalipiga kelele za kutisha. Ilipotulia, Adero alikimbia ghalani. Alizamisha mkono hadi kiwiko katika gunia la Rosa, mjane wa jirani. Mkono ulitoka mkavu, umejaa vumbi la mpunga. Alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Siku hizi jirani akija kuuliza habari za fremu, Zadock haanzi na bei.

"Una maksai?" humuuliza. "Basi nenda jikoni, kachote majivu."