Simu Chini ya Kitambaa

Jumamosi ile Feza aliamka kabla ya wote, kama kawaida yake. Alifagia uwanja, akawasha makaa kwenye mbabula, akabandika maji ya chai. Kisha akaosha vyombo vya jana huku akinung'unika kwamba katika mtaa mzima wa Hewa Bora hakuna sufuria inayong'ang'ania ugali wa bukari kama ya kwao. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa mchapakazi. Nalisema hilo mapema, maana mkisikia yanayofuata mtataka kumhukumu.

Chai hiyo hakuna aliyeinywa. Mdogo wake Zakari, mwenye miaka mitano, alikuwa na malaria tangu Jumatano, na asubuhi hiyo alishindwa hata kukaa. Mama yao, Ramla, alimgeuza viganja akavitazama kwenye mwanga wa mlango. Vilikuwa vyeupe kama unga.

"Damu imemwishia," alisema kwa sauti ya chini. Akamfunga mgongoni kwa kitenge, akatafuta viatu vyake, kimoja hakukiona, akavaa kandambili.

Jamali, baba yao, ni dereva wa lori na siku hiyo alikuwa kazini Kambove. Kwa hiyo mama alimwita Feza na kumwekea simu kubwa ya nyumbani mkononi.

"Nisikilize vizuri. Mimi nabeba simu ndogo. Nikibipu mara moja, ujue tumefika, tunangojea. Nikibipu mara mbili, ni damu. Unakimbia kumuita baba mudogo. Damu yake na ya Zakari iko moja. Yangu hapana."

"Mama, si umupigie yeye mwenyewe?"

"Kwenye zile mashine zake anasikia simu? Unaweza kumupigia mpaka kesho."

Ilikuwa kweli. Asumani, mdogo wake baba, alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na karakana yake ilipiga kelele kutwa nzima. Simu yake ilishinda ndani ya koti, na koti lilishinda kwenye msumari. Ndiyo maana ukoo wao ulikuwa na utaratibu wake: nyumba inabipiwa, mtoto anakimbia.

"Na usifungue kitu," mama aliongeza akiwa mlangoni. "Leo hii simu haiko ya kucheza."

Simu ilikuwa na asilimia tisini na mbili. Umeme ulikuwa umekatika mtaani tangu alfajiri. Saa mbili na nusu simu ililia mara moja tu ikanyamaza, na Feza akashusha pumzi. Walikuwa wamefika.

Angeliiweka hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alimkumbuka baba. Alifungua ramani, akaandika Kambove, akabonyeza kitufe cha kuanza safari ili aone barabara tu. Mstari wa buluu ukatokea, na sauti ya mwanamke ikaanza kumwelekeza apite wapi. Feza alicheka, akabonyeza kitufe cha katikati, ramani ikapotea. Kisha akajaribu kidogo ule mchezo wa kupasua mipira. Kidogo chake kilimfikisha saa nne.

Hapo uso wa Sephora ukachungulia juu ya ukuta. Sephora ni jirani yao, rika lake, na ulimi wake hauna mfupa.

"Feza, unigawie connexion kidogo. Nashusha video moja tu ya dansi."

"Mama amekataza nisifungue kitu."

"Si hautafungua wewe. Nitafungua mimi, kwa simu yetu."

Feza aliona maneno hayo yana akili. Akawasha kile kitufe cha kugawa intaneti. Kisha akailaza simu kabatini kifudifudi, akaifunika kwa kitambaa cha kufumwa cha mama. Ndivyo alivyoamini, na wenzake wengi shuleni waliamini hivyo hivyo: kioo kikiwa cheusi, simu imelala, na ukiifunika vizuri italala zaidi na haitakula moto wa betri. Akaenda kufua.

Saa tano alikumbuka kuitazama. Alipofunua kitambaa, simu ilikuwa na joto kama sahani iliyotoka mekoni. Akaiwasha. Asilimia thelathini na moja. Feza aliduwaa, akafuta kioo kwa kanga akidhani ameona vibaya. Bado ilikuwa thelathini na moja.

Wakati huohuo Asumani akaingia uwanjani. Alikuwa akienda kununua vijiti vya kuchomelea, akaona apite kuuliza habari.

"Mama yako amesema nini?"

"Amebipu mara moja, baba mudogo."

"Muzuri. Na simu iko na chaji? Leta niichomeke kwa jenereta pale karakanani, mutoto wangu. Nitamuachia mwenzangu aikalie macho."

Feza alipiga hesabu. Akisema thelathini na moja, ataulizwa zile sitini zimekwenda wapi. "Imejaa, baba mudogo," alisema, na akairudisha chini ya kitambaa. Asumani akaondoka.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Feza ilikuwa fupi kuliko nyingi. Saa saba kasorobo alifunua tena. Aliibonyeza simu pembeni. Picha ya betri nyekundu ilitokea, ikazimika. Alibonyeza tena, akashika kwa sekunde nyingi, akaipuliza, akaipiga kiganjani. Haikuwaka. Aliwasha taa ya chumba, na taa nayo haikuwaka, maana umeme ulikuwa bado haujarudi. Akakaa sakafuni.

Alianza kujiambia mambo. Labda mama hakubipu. Labda damu imepatikana kwingine. Na labda akingoja kidogo, umeme utarudi, na baba mudogo hatajua kama alidanganywa. Kisha akaviona tena vile viganja vyeupe, vikiwa vimelegea kwenye mikono ya mama. Feza alisimama na kukimbia, simu iliyokufa ikiwa mkononi, bila hata kufunga mlango.

Karakanani cheche zilikuwa zikiruka. Alimvuta baba mdogo wake kwenye shati mpaka akazima mashine na kuvua kinga ya macho.

"Sijui kama mama amebipu," alisema huku akihema. "Simu imezimika. Uliponiuliza haikuwa imejaa. Nilikudanganya, baba mudogo."

Asumani alienda kwenye msumari, akapekua koti, akatoa simu yake. Alipoitazama, uso wake ulibadilika, na Feza hakuwahi kuuona ukiwa hivyo.

"Mara kumi na ine," alisema polepole. "Mama yako amenipigia mara kumi na ine."

Walipanda pikipiki wote wawili nyuma ya dereva. Njiani Feza aliibonyeza ile simu iliyokufa tena na tena.

Walimkuta Ramla kwenye korido ya hospitali, amesimama, simu ndogo sikioni, bado anapiga. Alipowaona, simu ikamponyoka ikaanguka. Hakumtazama shemeji yake kwanza. Alimshika Feza mabega, akampapasa kichwa, mikono, uso.

"Uko muzima? Simu haipatikani toka saa sita. Nilisema huyu naye amepatwa na kitu. Nilisema leo nawapoteza wote wawili."

Maneno hayo yalimwingia Feza kama maji ya baridi. Alikuwa amejiandaa kugombezwa. Hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba mama yake, akiwa na mtoto mmoja kitandani, angekuwa anamlilia na mwingine aliyeachwa nyumbani salama.

Muuguzi alimchukua Asumani haraka. Damu ilipimwa, ikafaa, ikatolewa. Saa tisa ilianza kudondoka tone kwa tone kwenye mkono wa Zakari, na wote watatu walisimama wakiihesabu bila kutaka.

"Mungekawia saa moja tena," muuguzi alisema, "singejua nimwambie nini huyu mama." Feza aliushika ukuta.

Jioni Zakari alifumbua macho, akazungusha shingo, akauliza chai yake iko wapi. Ramla akacheka na kulia kwa pamoja, akatoka nje ajifute uso.

Wakati huo simu kubwa ilikuwa imechomekwa ukutani kwenye korido. Asumani aliiwasha, akamwita Feza akae karibu naye. Kwanza alizima kile kitufe cha kugawa intaneti, ambacho kilikuwa kimewashwa mpaka simu ilipokufa. Video moja ya Sephora ilikuwa imezaa nyingine tisa. Kisha akafungua mipangilio, mahali panapoonyesha betri imeliwa na nani. Ramani ilikuwa ya pili kwenye orodha.

"Nani alikuwa anaenda Kambove?" aliuliza.

"Hakuna. Niliangalia tu barabara, halafu nikaifunga."

"Haukuifunga. Uliificha. Chini ya kitambaa simu ilikuwa safarini, inatafuta njia toka asubuhi."

Feza aliitazama orodha mdomo wazi. Vitu alivyodhani vimekwisha vilikuwa vikifanya kazi saa zote zile, gizani, huku yeye akifua.

"Iko sawa na jenereta yangu," Asumani alisema. "Nikiweka chini chombo cha kuchomelea bila kuizima, haijui kama nimepumzika. Inakunywa petroli tu. Kwa hiyo safari ya ramani unaimaliza mwenyewe, kugawa intaneti unazima, na siku ya shida unawasha hii ya kuokoa betri. Hivi vingine vidogo vinavyolala vyenyewe usivisumbue. Umesikia?"

"Nimesikia."

Asumani aliivuta pamba ya mkononi, pale walipomtoa damu, akaitupa kwenye ndoo.

"Na mimi niko na kosa langu. Koti haliwezi kuwa mahali pa simu wakati mutoto ni mugonjwa. Lakini sikia, Feza. Betri kuisha si dhambi, inaisha kwa kila muntu. Saa tano ulikuwa na thelathini na moja, na mimi nilikuwa na jenereta. Ungesema ile namba, tungeiponya simu kwa nusu saa. Neno lako ndilo lililozima ile simu. Shida unayoificha haikai kimya. Inaendelea kukula kule chini."

Feza alilia, na safari hii hakuficha. Mama alipoingia alimweleza yote tangu mwanzo, hata ule mchezo wa mipira. Ramla alisikiliza mpaka mwisho, akamvuta akamkalisha karibu na miguu ya Zakari.

Jumamosi iliyofuata mama alimrudisha Zakari hospitalini kupimwa damu tena. Alisita mlangoni, kisha akaiweka simu kubwa mkononi mwa Feza. Kitambaa cha kufumwa kilikuwa kimeanikwa kambani.

Saa tatu Asumani alipita. "Simu iko na ngapi?"

Feza aliiwasha, akaisoma bila kupunguza wala kuongeza. "Arobaini na tatu, baba mudogo. Jana nilicheza, nikasahau kuichomeka."

Asumani alinyoosha mkono. "Leta tuichomeke," alisema, "na wewe twende wote. Ikilia, utakuwa hapo."