Mate Aliyoyameza Gideoni

Kosa la Gideoni ni hili, na yeye mwenyewe ametaka litangulie: alimeza mate pale alipotakiwa kuyatema.

Mtu asiyetoka huku kwetu Upareni anaweza kucheka. Sisi tunalijua zongo. Zongo ni jicho la mtu mwenye tamaa. Si mchawi, hana tunguri, anaweza kuwa mtu wa sala kabisa. Anaona kitu kizuri cha mwenzake, mate yanamjaa kinywani, na asipoyatema pembeni palepale, kitu kile kinavimba na kuharibika. Mtoto atavimba tumbo. Ng'ombe atavimba kiwele. Dawa yake ni moja tu: mwenye jicho aje mwenyewe, akiri kwamba alitamani, ateme mate juu ya kilichovimba.

Bibi yake Gideoni, marehemu Devotha wa Suji, alikuwa nalo na hakuficha. Akipita kwenye mgomba wenye mkungu mnene, ptu. Akipewa mtoto mchanga ampakate, ptu kwanza, ndipo anapokea. Watoto wa shule walimtania Gideoni kwa ajili ya bibi huyo mpaka akaapa kwamba yeye hatatema mate ya namna hiyo maisha yake yote. Akakua, akawa fundi wa simu na kompyuta mjini Same, na mwalimu wa kwaya usharikani. Zongo akaliita mambo ya giza.

Basi Jumamosi moja, jua likielekea kuzama, Agape alishuka kutoka Suji, kijijini kwao mlimani. Agape ni mtoto wa baba mdogo wake Gideoni, kijana wa miaka ishirini na miwili. Mwaka huo tangawizi ilimkubali.

"Kaka, nataka kompyuta ya gemu," alisema. "Zile gemu nzito kabisa. Simu imenishinda, ikichemka unaweza kukaangia yai."

"Umeshachagua?"

"Nichague nini na mimi najua jembe? Wewe ndiye fundi. Utakayosema ndiyo hiyo."

Gideoni alifunga kibanda, wakaenda dukani kwa Paschal, anayeuza kompyuta nyuma ya soko. Mezani zilikuwapo mbili. Moja ilikuwa na ubavu wa kioo na taa za rangi zinazocheza ndani kama harusi. Nyingine lilikuwa kasha jeusi tu, halina hata nakshi.

Macho ya Agape yalienda kwenye taa.

Hapo Gideoni angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, na hili pia liandikwe. Alimvuta mdogo wake pembeni akamwambia ukweli. "Hizo taa hazichezi gemu. Ndani kadi ya picha ni dhaifu, gemu nzito itakwenda inakatakata. Hii nyeusi kadi yake ni kubwa. Pawa saplai yake, kile kisanduku cha umeme, inaweza kuibeba bila kuzima. Feni tatu, haitachemka. Na kesho kutwa ukitaka kuongeza ramu, nafasi ipo. Mtu anayeanza asinunue urembo. Anunue kadi, halafu pawa, halafu upepo."

Paschal alicheka. "Agape, msikilize huyo. Hiyo nyeusi kaichumbia miaka miwili. Kila Jumamosi anakuja kuiangalia. Leo mahari katoa mwingine."

Agape naye akacheka. Gideoni akacheka nao.

Lakini ilikuwa kweli. Miaka miwili. Kila alipokaribia, lilitokea jambo: bati za mama yake, ada ya mdogo wake, bati tena. Alikuwa anaijua kompyuta ile kwa sauti ya feni zake. Sasa alimwona Agape anaikumbatia kama mtu aliyebeba mwanakondoo, meno yote nje, uso umejaa furaha.

Mate yakamjaa kinywani.

Mengi. Ya moto.

Aliona sakafu. Aliona mlango uko wazi, hatua mbili tu. Akamwona na Paschal anamtazama.

Akameza.

Jumapili baada ya ibada Gideoni alipanda Suji kuifunga. Giza lilikuwa linaanza kushuka na ukungu umekaa mgombani. Mama yake Agape, mama mdogo Dorkas, alikuwa amepika makande. Gideoni aliunganisha nyaya chumbani kwa Agape, akabonyeza. Feni zikaanza. Zilivuma taratibu, kwa pamoja, kama watu watatu waliolala.

Gemu ikafunguka. Nyasi zilitikisika moja moja. Mvua ilinyesha juu ya matope mpaka ungedhani utalowa. Agape alitikisa kichwa tu, machozi yanamlengalenga.

"Tuiombee," Dorkas alisema. "Mwalimu, tuongoze."

Gideoni aliomba. Aliomba vizuri, kwa maneno ya kupangika, na moyoni hakuwamo hata mmoja wa wale aliokuwa anawaombea. Wakasema amina.

Amina zilikuwa tatu. Tena ikaja ya nne, imechelewa.

Akafumbua macho. Gemu ilikuwa inapakia, na kwa sekunde chache kioo cha skrini kilikuwa cheusi. Ndani ya weusi ule alijiona mwenyewe. Akamwona Agape kwenye kiti, na Dorkas mlangoni na sahani. Na nyuma ya bega lake mwenyewe, karibu kabisa, mama mzee aliyejifunga kanga kichwani. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, kama mtu aliyeweka maji kinywani asimeze.

Harufu ya ugoro ikamfikia.

Bibi Devotha alikuwa anavuta ugoro. Alizikwa mgombani hapo chini, na huu ni mwaka wa tisa sasa.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Vipi, kaka?"

"Hakuna kitu. Cheza."

Jumatano Agape alipiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. "Kaka, inazima yenyewe. Na mimi... njoo tu."

Gideoni alifika jua likizama. Alimkuta Agape amelala kwenye mkeka, shati limefunguliwa. Tumbo lilikuwa limepanda juu, gumu, ngozi inang'aa. Walikuwa wametoka hospitali mjini. Vipimo vyote safi. Daktari akasema mrudisheni akapumzike.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Dorkas alikuwa anamtazama mdomo, siyo macho.

Ili asitazamwe, Gideoni aliipigia magoti kompyuta. Alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu.

Alizoea kuona kapasita zilizovimba, vile vikopo vidogo vinavyosimama kwenye bodi. Kompyuta ikizeeka kimoja huvimba, pengine viwili. Hii haikuwa imezeeka. Na vilikuwa vimevimba vyote. Kila kimoja kimetuna juu, kimepasuka, kinatoa maji meupe mazito. Chumba kikanuka maziwa yaliyochacha.

Halafu feni zikaanza kuzunguka.

Taratibu. Moja. Ya pili. Ya tatu.

Waya ulikuwa mkononi mwake.

Aliinua uso. Kioo kilikuwa cheusi, na yule mama alikuwa amesogea. Sasa kidevu chake kilikuwa juu ya bega la Gideoni, na mashavu yametuna kuliko Jumapili. Midomo haikufunguka. Lakini alisikia, ndani ya sikio, sauti aliyolelewa nayo.

"Tema, mjukuu wangu."

Alijua anachoambiwa. Kutema pale, mbele ya mama mdogo, ni kusema: ni mimi. Kesho Suji nzima ingejua. Jumapili nani angemfuata mwalimu wa kwaya mwenye zongo? Nani angempa simu yake aishike?

"Ni kapasita tu, mama mdogo," alisema. "Umeme wa huku mlimani haujatulia. Nitaleta nyingine."

"Na tumbo?" Dorkas aliuliza. "Tumbo nalo ni umeme?"

Gideoni alibeba begi lake akatoka. Nyuma yake feni zilikuwa bado zinavuma.

Siku mbili hakula. Alisali, akafunga, akasoma zaburi kwa sauti. Kila alipofika kwenye kuungama, ulimi ulizunguka ukarudia mstari wa juu. Ijumaa jioni alikuwa kanisani Same anafundisha sauti ya tatu. Mlango ukafunguka. Dorkas akaingia na vumbi la njia nzima miguuni, akatembea katikati ya mabenchi, wanakwaya wote wanamwona, akasimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, sikuja na maneno. Agape amegeuka macho tangu mchana. Bibi yako alinilelea watoto wangu wote na hakuna aliyedhurika, kwa sababu alikuwa haoni aibu kutema. Nakuomba tu."

Msichana mmoja wa sauti ya kwanza alivuta kanga akamfunika mtoto wake uso.

Gideoni aliliona hilo. Akaweka kitabu chini, akamfuata mama yake mdogo.

Walipofika Suji taa ya chumbani ilikuwa imewashwa. Agape alikuwa anapumua juu juu, midomo imekauka. Tumbo lilikuwa linajisogeza lenyewe chini ya shuka, kama kitu kinatafuta mlango.

Gideoni alipiga magoti.

"Agape. Niliitamani. Niliitamani kabla yako, na ulipoichukua nikatamani isikufae. Nilikutazama unacheka, nikatamani usicheke. Nisamehe." Aliinama juu ya tumbo ateme.

Hakikutoka kitu.

Kinywa kilikuwa kikavu. Alikusanya, akavuta mashavu, akauma ulimi. Ulimi ulikuwa kama kipande cha gunia. Dorkas alikuwa anahesabu pumzi za mwanawe kwa kunong'ona, na hesabu ilikuwa inachelewa... inachelewa...

Ndipo Gideoni akaelewa. Anasema hapa ndipo angependa ardhi immeze. Mate ya woga hayapo. Mate ya toba pia hayapo. Mate aliyokuwa nayo yalikuwa ya aina moja.

Akainua macho, akaitazama kompyuta.

Aliitazama ile kadi kubwa. Akazikumbuka nyasi zinazotikisika moja moja, mvua, kiti, mlango umefungwa, yeye peke yake, hakuna bati, hakuna ada, hakuna mdogo mtu. Aliitaka. Mbele ya ndugu yake anayekufa, aliitaka kama siku ile dukani.

Kinywa kikajaa.

Akatema. Akatema tena. Akapaka kwa kiganja, huku analia.

Tumbo lilitoa sauti ndefu, kama mpira wa baiskeli unaotolewa upepo. Chumba kikanuka maziwa yaliyochacha, kisha ugoro, kisha hakikunuka kitu. Agape akavuta pumzi mpaka mwisho. Akafungua macho akaomba maji.

Gideoni aligeuka kukitazama kioo ili amshukuru bibi. Hakuwapo. Kioo kilionyesha mtu mmoja tu, amepiga magoti. Ni yeye.

Mashavu yake yalikuwa bado yametuna.

Agape alipona. Wiki iliyofuata alimpelekea kompyuta kibandani, akaiweka mlangoni asiingie ndani. "Ichukue, kaka. Sikudai kitu." Gideoni alibadilisha kapasita zote. Inafanya kazi vizuri sana. Akiiwasha anaiangalia kama anavyoangalia tofali. Tamaa ya kompyuta imekwisha.

Lakini mate hayajakwisha. Yamehama. Yanamjaa akimwona mtu amevaa viatu vipya. Yanamjaa akisikia mwanafunzi amefaulu. Juzi alipita mke wa Vitus fundi seremala na mtoto mchanga mgongoni, na Gideoni akajikuta amesimama, kinywa kimefurika mpaka yanamtoka pembeni. Sasa anatema. Ana kopo chini ya meza, anatema kutwa nzima, wala haoni aibu. Ila anasema kuna siku yanakuja haraka kuliko anavyoweza kuinama. Na mchungaji alipomwuliza kama bibi yake amewahi kumrudia, alisema hapana, anaogopa kwamba safari ile hakuja kumsaidia. Alikuja kumkabidhi zongo lake.

Ameniomba niandike haya na niweke jina lake. Nami nakuomba wewe unayesoma: ukipita nyuma ya soko la Same, ukafika kwenye kibanda cha fundi Gideoni, na una mtoto, mfunike uso. Msalimie Gideoni kama kawaida, hatachukia. Lakini mtoto mfunike.