Jogoo wa Mzee Ussi

Mkono wa kushoto wa Elieza ulikuwa unadonoa mahindi.

Priska aliuona akiwa mlangoni na beseni la vyombo kiunoni. Mumewe alikuwa ameketi kando ya mkeka wa mahindi yaliyoanikwa, anazungumza na jirani yao Romanus habari za bei ya viazi. Macho yake yalikuwa barabarani. Lakini vidole vitatu vya mkono ule, vimekutana ncha, vilikuwa vinashuka mkekani, to! Vinaokota punje, vinaiacha, vinashuka tena. Tena vilikuwa vinachagua, maana punje zilizobunguliwa vilizisukuma pembeni.

"Baba Eveline," Priska aliita kwa sauti ndogo. "Mkono huo."

"Una nini? Si unafanya mazoezi!" Elieza alicheka, akautia mfukoni. Mfuko ukaendelea kucheza.

Romanus naye alicheka. Priska hakucheka, kwa kuwa katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua nini kiliingia kwenye sufuria.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye miguu miwili alikuwa mfanyabiashara. Elieza, mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Njombe, hakutaka kuachwa nyuma. Alikwenda Iwawa kununua viazi, lori likaserereka kwenye utelezi, gunia likamwangukia na kumsaga kifundo cha mkono. Hospitalini walimwambia asubiri apelekwe kupasuliwa mbali. Elieza alisubiri, vidole vikaanza kukakamaa, na yeye akaanza kukakamaa pamoja navyo. Alikuwa akikaa anatazama ukuta tangu asubuhi hadi jioni. Priska aliogopa. Alikuwa ameolewa na mtu na kinanda chake, na hakujua mtu bila kinanda angekuwa nani.

Ndipo walipokwenda Makambako kwa Mzee Ussi, mganga wa mifupa, mtu wa Pwani aliyefika na malori akalowea huko. Walikwenda kimyakimya, maana Mlutheri haagi anapokwenda kwa mganga. Mzee Ussi aliupapasa mkono, akamchukua jogoo mwekundu, akamvunja mguu wa kushoto, pa! Kisha akawafunga wote wawili, mtu na jogoo, kwa dawa ileile na vibanzi vilevile vya mianzi.

"Hawa sasa ni pacha," alisema. "Anayeunga mfupa si mimi, ni mgeni wangu, na mgeni wangu anakaa kwenye mguu wa jogoo. Hakai kwa binadamu. Siku jogoo akikanyaga mwenyewe, fungueni mkono, jogoo mwachieni aende zake. Asiuzwe. Asichinjwe. Mmenisikia?"

Walimsikia. Lakini kideri kilipita kijijini, kikafagia kuku wao wote, akabaki jogoo yule wa dawa kwenye kona ya jiko. Na katika juma hilohilo mchungaji akapiga hodi, amekuja kumwombea mgonjwa. Sasa niambieni, mke wa mpiga kinanda ampe mchungaji majani ya maboga? Mgeni wa heshima bila firigisi, kijiji kizima kingesema nini? Priska alichukua kisu. Aliahidi moyoni kwamba angenunua jogoo mwingine, na kwamba mambo ya waganga hayana nguvu mbele ya maombi.

Firigisi alimpa mgeni, paja zima akampa mumewe. Elieza alipouliza kuku huyo katoka wapi, alijibu kwamba ni wa mama Romanus. Ule mguu uliovunjika ulikuwa mweusi, wenye alama za vibanzi, haukufaa kuonekana mezani. Kabla hajapakua, Priska aliula mwenyewe jikoni, amesimama, harakaharaka, akatafuna mpaka pale mfupa ulipokuwa umeanza kuungana. Ulikuwa na uchungu wa dawa. Sebuleni mchungaji aliomba vizuri sana.

Kesho yake alinunua sokoni jogoo mwekundu, akamfunga vibanzi kwenye mguu mzima. Jogoo hakujua kwamba ni mgonjwa. Siku chache tu baadaye alivipangua vibanzi, akatoka nje anatamba. Elieza alipiga kelele za furaha, akaufungua mkono wake, nao ukanyooka kama haukuwahi kuguswa na gunia. Priska alisema, "Bwana asifiwe."

Wazee wa kanisa walimpa ruhusa apeleke kinanda nyumbani ajizoeshe siku za juma, kirudishwe kanisani kila Jumapili. Kilikuwa kinanda cha zamani, cha kukanyaga pedali mbili ili kivute pumzi. Basi kikavuta pumzi! Watu walisimama uani kusikiliza. Jumapili, katikati ya wimbo wa kutoa sadaka, mkono wa kulia ulibaki kwenye wimbo na wa kushoto ukaondoka, ukashuka chini kabisa kwenye sauti nzito, ukawa unaparua, unaparua, kwaya ikapotea njia. Baada ya ibada walimpongeza kwa kipaji kipya. Priska aliyekaa benchi la mbele alisikia harufu ikitoka kwenye kinanda, harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto.

Kisha yakaja mapambazuko. Jogoo la kwanza lilipowika kwa jirani, lile la kwao lilinyamaza, na badala yake kinanda kiliwika sebuleni, sauti moja ya kukwaruza iliyopanda na kukatika, na Priska alipojifunga kitenge na kutoka na koroboi alimkuta mumewe kwenye benchi, kichwa kimelala kifuani, macho yamefumba, mkono wa kulia unaning'inia, na ule wa kushoto unakimbia juu ya vibonyezo, unadonoa hapa, unaparua pale, ukucha wa kidole cha shahada umeng'oka nusu na damu inachirizika kwenye mbao nyeupe.

"Amka! Baba Eveline, amka!"

"Niko macho," Elieza alinong'ona bila kufumbua. "Nimejaribu kuutoa. Siwezi. Nikiuvuta unavuta na mimi."

Priska aliushika kwa mikono yake miwili. Ulikuwa wa moto, na ndani yake, chini ya ngozi, kitu kilijigeuza kama kuku anayejiweka sawa kwenye mayai. Akauachia. Aliinama ili angalau aizuie miguu ya mumewe isikanyage pedali, kinanda kikose pumzi, ndipo alipoona kwamba miguu ya Elieza imekunjwa chini ya benchi, imetulia tuli, na pedali ya kushoto inapanda na kushuka peke yake, inapanda na kushuka, na hakuna aliyeikanyaga.

"Kuna kitu umefanya?" Elieza aliuliza. "Mama Eveline, nakuuliza kwa wema. Ninafungwa ndani ya mwili wangu mwenyewe."

"Twende Makambako," ndilo jibu alilopata.

Walipanda lori la mbao, mkono umefungwa kwa kamba kifuani, na njia nzima ulikuwa unakwaruza shati.

Mzee Ussi hakuugusa mkono. Aliutazama kwa mbali, akauliza, "Jogoo yuko wapi?"

Priska alilia. Alisema yote, mchungaji, kideri, jogoo wa sokoni. Elieza alifumba macho, hakutukana, na hilo lilimuuma Priska kuliko matusi.

"Mmemvunjia mgeni nyumba yake," Mzee Ussi alisema polepole. "Akahamia kwa pacha. Kumtoa hapa ninaweza. Lakini nikimtoa atarudi kwenye mguu alikotoka, popote ulipo. Ule mguu aliula nani?"

Nje malori yalikuwa yanaunguruma.

"Sema, mama. Aliyeula nimfunge kwanza, mgeni asimwingie, kabla sijamtoa huyu. Kumfunga si kazi. Nikishamtoa akamwingia huyo, sina mlango mwingine wa kumtolea."

Priska alitazama sakafu. Kumchinja jogoo wa dawa kwa ajili ya mgeni, hilo mtu angelisamehe. Lakini mwanamke anayekula nyama jikoni amesimama, kwa siri, kabla mume na mgeni hawajanawa? Kwao mwanamke wa namna hiyo alikuwa na jina, na lilimfuata mpaka kwa binti zake. Na Elieza alikuwa anamtazama.

"Nilimtupia mbwa," alisema.

"Una hakika?"

"Mbwa aliula, mzee wangu. Haki ya Mungu, mbwa."

Mzee Ussi alishusha pumzi. "Basi afadhali. Mbwa hana ubaya, mtamfukuza."

Akawasha ubani, akaufunika mkono kwa shuka jeupe, akasoma kwa muda mrefu. Mkono ulipiga mbawa chini ya shuka, ukapiga, ukaanguka. Elieza aliguta kwa maumivu ya mfupa uliovunjika upya, kisha akalia kama mtoto kwa sababu maumivu yale yalikuwa yake. Wakafungwa tena, yeye na jogoo mwingine. "Mwakani, Mungu akipenda, utapiga," Mzee Ussi alimwambia.

Kushuka kwenye lori, mguu wa kushoto wa Priska uligonga ardhi ukalia, ko. Alichechemea kidogo. Alisema ni ganzi.

Usiku ule Elieza alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja kwa majuma. Priska naye alilala. Kilichomwamsha ni jogoo la kwanza, likiwika mbali kwa jirani, na baridi ya sebuleni.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la kinanda. Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya pedali, vidole vimejikunja kuishika kama vile inavyoshikwa fito ya bandani, na ulikuwa unakanyaga. Alijaribu kuuinua. Ukakanyaga. Aliushika kwa mikono yote miwili, akauvuta mpaka nyonga ikamuuma, ukakanyaga, na kinanda kikavuta pumzi na kuitoa, kikavuta na kuitoa, bila kutoa sauti, kwa sababu hapakuwa bado na mkono juu ya vibonyezo. Harufu ya manyoya mabichi ilijaa nyumba.

"Mama Eveline?" Elieza aliita kutoka chumbani, sauti imejaa usingizi na hofu. "Nani huyo?"

Priska alifumbua kinywa. Neno lilikuwa pale pale, fupi tu, lingemwamsha mumewe, lingempeleka Makambako. Akakumbuka kwamba mzee alisema hana mlango mwingine. Akaitazama mikono yake miwili, mizima, isiyowahi kuvunjika. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kukutana ncha.

"Ni mbwa tu, Baba Eveline," alijibu. "Lala."

Akaikalia mikono yake.