Mume wa Bibi Nyamizi

Ziwa lilipanda mchana wa jua kali, kama lilivyokuwa likipanda kila siku tangu Bustani ya Ziwa-Anga ifunguliwe jijini Dodoma. Maji yote yaliyolala kwenye bonde la zege yaliinuka kwa pamoja, yakajikusanya kuwa donge moja kubwa la buluu, yakaning'inia juu ya vichwa vya watu bila kumwagika hata tone. Chini ya zege zilifukiwa sumaku-maji, mitambo inayoyashika maji kutoka mbali jinsi mkono unavyoshika tonge la ugali. Ndani ya maji hayo watoto walipita wakiwa wameketi kwenye mapovu ya kioo laini, wakiwapungia mkono sato na kambale. Katika mji ambao wazee wake bado wanakumbuka foleni za ndoo bombani, jambo hilo lilistahili kutazamwa kwa mdomo wazi.

Bibi Nyamizi hakulitazama. Alikuwa anatazama simu.

Si kwamba alipenda. Aliletwa kutoka Tabora kwa treni na binti yake Milembe, mhandisi wa reli, ili wapumzike pamoja na mtoto wa Milembe, Ngasa, ambaye mwakani angeanza darasa la kwanza. Na bustani ile haikumtambua mtu asiye na simu-mwenza. Simu ndiyo iliyofungua lango, iliyoita povu, iliyoamuru bomba litoe maji ya kunywa na choo kifungue mlango. Kila ilipoamshwa ilisema, "Shikamoo, Bibi Nyamizi," na yeye kila mara aliitika marahaba, kwa sababu hakulelewa kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia, hata kama mtu mwenyewe ni kipande cha kioo.

"Wewe fuata mshale tu, Mama," Milembe alikuwa amemwambia asubuhi. "Mshale ukikwambia kushoto, nenda kushoto. Ukimudu leo, likizo ya Juni nakuletea Ngasa Tabora akae mwezi mzima."

Mwezi mzima. Tangu mumewe afariki, nyumba ya Bibi Nyamizi ilikuwa kimya mno, na mara zote alizomwomba binti yake amwachie mtoto alijibiwa kwamba wataona. Kwa hiyo alimhimiza Milembe aende zake kwenye Handaki la Kimya, chumba kilichochimbwa chini ya kilima, ambako watu waliochoka huelea gizani na mawimbi ya simu hayafiki. "Nenda, mwanangu. Macho yamekuwa mekundu kama ya mvuta sigara. Mimi na mume wangu tutakungoja."

Huyo aliyemwita "mume wangu" alikuwa Ngasa. Mtoto alipewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi ya kwao, na kwa kuwa bibi na mjukuu ni watani, tangu alipojua kusema waliitana mke na mume. "Mume wangu, umekula?" "Nimeshiba, mke wangu, lakini maziwa bado." Hakuna mtu Tabora aliyegeuka kuwatazama.

Waliposhuka kwenye povu, mtoto alianza kujikuna mkononi. Kikuku cha utambulisho, ambacho kila mtoto alivalishwa langoni, kilikuwa kimelowa jasho na kumwasha. Bibi alikivua, akamfuta mkono kwa khanga, akakifunga kikuku kwenye pindo lake kisije kupotea. Kisha simu ikasema joto limezidi, waelekee kivulini, mshale huu hapa.

Mkono mmoja ulishika mkongojo. Wa pili, uliokuwa umemshika mtoto, sasa ukashika simu. Bibi alifuata mshale kwa utiifu, akakanyaga njia-tembezi, ile sakafu inayojisogeza yenyewe, nayo ikambeba taratibu kupita vibanda na maua. Alipoinua macho kusema, "Mume wangu, tumefika," hakuona mtu.

"Shikamoo, Bibi Nyamizi."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Ngasa yuko nawe," simu ilijibu kwa sauti ya upole. "Hakuna umbali wowote kati yenu."

"Sina mtoto hapa."

"Ngasa yuko nawe. Furahieni matembezi."

Alimsimamisha mwanamke aliyepita. Mwanamke alikuwa mtu mwema, alimwamkia vizuri kabisa, kisha akasema, "Muulize mwenza wako, bibi, atakuonyesha," akaendelea na mshale wake mwenyewe. Wa pili alisema hivyo hivyo. Wote walitembea wakiwa wameinamia viganja, na Bibi Nyamizi aliona kwamba hata kama mtoto angepita katikati yao akilia, wangempisha tu.

 Aliogopa maji yale yaliyoning'inia, aliogopa ile mitambo iliyofukiwa, na zaidi aliogopa kwamba mwenye kosa ni yeye. Aliinua simu hadi mdomoni kama anayemfokea kiziwi.

"Nakwambia mume wangu amepotea! Ngasa! Mume wangu!"

Simu ilitafuta katika kumbukumbu zake. Kisha ikasema kwa sauti ya chini zaidi: "Bibi Nyamizi, mume wako, Ngasa, alifariki miaka minne iliyopita. Pole sana. Nimeomba msaada kwa ajili yako."

 Bibi alijua kwamba mumewe amefariki. Ni yeye aliyemfumba macho. Lakini kuambiwa hivyo tena, mchana, katikati ya watu wanaokula barafu, na wakati huo huo yule Ngasa mwingine haonekani, kulimfanya ahisi kama wote wawili wamechukuliwa kwa siku moja. Alikaa ukingoni mwa bustani ya maua akalia waziwazi.

Kiti-huduma kilikuja chenyewe kwa magurudumu yake, kikainama, kikambeba. Hakikumuuliza kitu. Kwenye kioo cha mgongo wake kilikuwa kimeandikwa: mgeni mzee, amechanganyikiwa, anamtafuta marehemu.

Chumba cha afya kilihudumiwa na roboti, lakini kwa bahati sheria ilitaka awepo na binadamu mmoja wa kusimamia. Zamu ile alikuwa Lusajo, fundi kijana wa Tukuyu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia mitambo isisimame. Alisoma kile kioo, akainuka kitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe usiniambie amekufa."

"Sikuambii. Pole kwa yote. Hebu nielezee, mumeo yukoje?"

"Mfupi. Ana pengo hapa mbele, jino limeng'oka juzi. Amevaa kaptura ya kijani, na kiatu cha kushoto hakifungi vizuri, nimekifunga mara mbili. Akisimama hupenda kusimama kwa mguu mmoja."

Lusajo alimtazama, kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyepata kitu alichokuwa amekiweka mahali akasahau. "Bibi, mume wako anasoma darasa la ngapi?"

"Ataanza la kwanza mwakani."

"Na mimi nina mke Tukuyu, bibi yangu kizee. Kila nikienda ananigombeza kwamba simletei kuni, eti ataolewa kwingine." Tayari alikuwa amegeukia mtambo mkuu. "Kikuku chake kiko wapi?"

Bibi Nyamizi akaliangalia pindo la khanga. Alilifungua taratibu, na kikuku kikaangukia kiganjani, kikimetameta. "Yesu wangu," alisema. "Nilikuwa nimemfunga hapa."

"Ndiyo maana inasema yuko nawe. Usijilaumu, ngoja."

Lusajo alifungua sehemu ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiifungua, pale mtambo unapotupia taarifa zilizokosa maana. Za siku ile zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: bibi kizee amempoteza mume aliyekwisha kufa. Batili. Ya pili ilitoka kwa roboti wa kukamua miwa, karibu na Lango la Kambale: mtoto asiye na kikuku anasema amempoteza mke wake. Batili.

Mtambo wenye uwezo wa kuinua ziwa zima ulikuwa umeziweka taarifa hizo jirani, moja juu ya nyingine, na haukuona kitu.

Walimkuta amesimama kwa mguu mmoja, na glasi ya juisi ya miwa mkononi, akiyatazama mapovu yakishuka na ziwa. Alipomwona bibi yake kwenye kiti-huduma alikunja uso.

"Mke wangu, umetoka wapi? Nimekutafuta."

 Bibi alimvuta kifuani, akamshika mkono, na simu ikaanguka majanini bila mtu kuiokota.

Milembe alipotoka handakini, mama yake alimsimulia yote papo hapo, pindo na mshale na machozi, bila kupunguza. "Sikumudu," alimalizia. "Niliachia mkono wake nikashika simu."

 Milembe alichuchumaa mbele ya mwanawe. "Ulilia?"

"Hapana. Niliwaambia mke wangu atakuja. Miguu yake mibovu tu, anachelewa."

Milembe aliinamisha kichwa. Babu yake mzaa baba alikuwa akimwita "mke wangu" na kumfichia karanga mfukoni, na kwa miaka mingi hakuwa amelikumbuka hilo. "Mimi ndiye niliyekwambia ufuate mshale, Mama," alisema. "Juni utatungoja stesheni. Namleta."

Lusajo aliiokota simu, akaipangusa, akamkabidhi Bibi Nyamizi. Alikuwa ameiamuru iulize kabla ya kuitupa taarifa yoyote.

"Shikamoo, Bibi Nyamizi."

"Marahaba."

"Naomba unisahihishe. Ngasa ni mume wako, au ni mjukuu wako?"

Bibi alimtazama mtoto, aliyekuwa akijikuna mkono ule ule.

"Andika vyote viwili," alisema. "Na yule wa kwanza usimfute."

 Simu ikaandika.