Pindo la Sketi ya Mwaisha

Kila alasiri, akishatoka shule na kuvua sare yake, Yuliana aliokota pini. Alipiga magoti chini ya cherehani ya mama yake mkubwa, akapapasa sakafu taratibu kama mtu anayetafuta punje za mchele zilizomwagika. Kila pini aliyoipata aliichomeka kwenye kifuko cha pamba. Siku hizo hata pini zilikuwa adimu. Baada ya hapo alifagia vipande vya nyuzi na kuwasha mkaa wa pasi, ndipo aliporuhusiwa kushika sindano.

Mama yake mkubwa, Veronika, alikuwa fundi wa nguo aliyejulikana Bigwa yote. Yeye ndiye aliyemlea Yuliana tangu akiwa mdogo. Sasa Yuliana alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alishona vifungo, alipinda mikono ya mashati, hata mifuko ya kaptura za wanafunzi aliiweza. Lakini kila nguo ilimalizwa na mama mkubwa mwenyewe. Yuliana alitamani siku moja asikie, "Nguo hii umeimaliza wewe."

Siku moja alikuja Mwaisha, binti wa wakulima wa mboga kutoka juu mlimani. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, na wiki iliyofuata alitakiwa kuripoti katika shule ya kijiji cha ujamaa, upande wa Dumila. Kwapani alikuwa na kitambaa cha rangi ya kahawia, kimekunjwa vizuri ndani ya khanga.

"Shikamoo, Mama Veronika."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kumbe sasa ni mwalimu kamili!"

Mwaisha alitabasamu huku akitazama chini. "Mama alipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Kimepatikana hiki kimoja tu. Naomba sketi, lakini..." Alisita, akavuta blauzi yake chini, ikamfunika hadi mapajani. "Tulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kila nikigeuka kuandika ubaoni watoto walicheka. Waliniita Mwalimu Kibuyu. Muda wote nikawa navuta nguo badala ya kufundisha."

Veronika hakucheka. Alimzungusha Mwaisha polepole, akampima kiuno na nyonga, kisha akatandaza kitambaa mezani.

"Sketi ya kawaida inakubana hapa na kukaa wazi pale," alisema. "Wewe nitakukatia mshazari. Tazama, Yuliana. Kitambaa ukikivuta hivi, wima, hakiendi popote. Ukikivuta kwa pembe, je?"

Yuliana alivuta kwa pembe. Kitambaa kikavutika mikononi mwake kama mpira, kisha kikarudi.

"Ndiyo maana sketi ya mshazari hufuata mwili bila kuubana," alieleza mama mkubwa. "Inateleza nyongani, kisha inafunguka chini. Lakini ina masharti yake. Ikishaungwa, lazima ining'inie kwanza. Uzito wake wenyewe huivuta, sehemu nyingine zaidi ya nyingine. Mpaka imalize kushuka, hakuna kugusa pindo."

Sketi ilikatwa na kuungwa, ikafungwa mkanda wa kiunoni. Lakini asubuhi moja, kabla pindo halijafikiwa, ilikuja habari ya msiba Mikese, kwa upande wa marehemu mume wa Veronika. Ilibidi asafiri asubuhi ile ile. Alitundika sketi kwenye boriti, akabana vibanio vya nguo kuzunguka ncha yake ya chini ili iwe nzito.

"Yuliana, iache hivyo hivyo hadi nirudi. Mwaisha anakuja Jumapili kujaribisha. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama mkubwa."

Alasiri ile alipita Saada, rafiki yake wa jirani. Alichungulia mlangoni, akaangua kicheko.

"He! Mmefungua bucha? Sketi imetundikwa kama paja la ng'ombe!"

"Inangoja kushuka," alijibu Yuliana.

"Ishuke iende wapi? Si imeshaungwa? Mimi nilidhani wewe ni fundi, kumbe mlinzi wa sketi."

Maneno yale yalibaki yakimkereketa hata Saada alipokwisha kuondoka. Yuliana aliitazama sketi. Kwa macho yake ilikuwa imetulia kabisa. Akawaza jinsi mama mkubwa atakavyorudi amechoka na msiba, akute kazi imekwisha, pindo limepindwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo usioonekana. Atashangaa!

Akaitelemsha. Akaitandaza mezani, akapima kwa futi kutoka kiunoni hadi chini, kote sawasawa, kama wanavyopima sketi za sare. Mahali palipozidi alipakata kwa mkasi. Kisha akapinda pindo kwa uangalifu mkubwa. Kazi ile, mtu akiitazama pale mezani, haikuwa na kasoro.

Veronika aliporudi Jumamosi, aliiona sketi imekunjwa juu ya cherehani. Akapitisha kidole kwenye pindo, nyusi zikapanda.

"Mshono safi. Lakini uliiacha ining'inie kwanza?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Lakini Yuliana aliyaona macho ya mama mkubwa yalivyokuwa yanaanza kufurahi, naye hakutaka furaha ile iondoke.

"Ndiyo," alisema. "Iling'inia mpaka ikamaliza."

Mama mkubwa akaamini. Akaipiga pasi, akaitundika ukutani ikimngoja mwenyewe.

Jumapili mchana Mwaisha alifika, akaingia chumbani kuvaa. Alipotoka, alisimama mbele ya kioo kirefu, kilichokuwa zamani mlango wa kabati. Mbele na nyuma sketi ilikuwa sawa, lakini pembeni, kulia na kushoto, pindo lilikuwa limening'inia kama masikio ya mbuzi.

Mwaisha alijaribu kucheka. "Labda ni mimi nisiyesimama sawa," alisema, mkono wake ukaanza tena kuvuta blauzi chini.

Veronika alichuchumaa. Alipima upande mmoja, akapima wa pili, akarudia. Kisha akavua miwani yake na kuishika mkononi muda mrefu.

"Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Nimekata vibaya. Nilijua macho yangu yanachoka, lakini sikudhani yamefika huku." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kazi za namna hii sasa niziache. Nibaki na sare."

Yuliana alikuwa amesimama karibu na pasi. Mama mkubwa alipenda kazi ya mshazari kuliko nyingine zote. Kazi ya sare alikuwa akiifanya huku akisinzia, lakini hii alikuwa akiifanya huku akiimba.

"Mama mkubwa," alisema. "Macho yako hayana kosa. Ni mimi. Niliitelemsha siku ile ile uliyoondoka. Nikapima mezani, nikakata palipozidi, nikapinda. Ulipouliza, nikasema uongo."

Kuku walisikika wakiparuza uani. Mwaisha alimtazama Yuliana, kisha akaitazama sketi, na machozi yakamlengalenga.

"Ukakata?" aliuliza Veronika.

"Nilikata."

"Kiasi gani?"

Yuliana alichutama, akatoa vipande kutoka kwenye kikapu cha mabaki. Alikuwa amevificha chini kabisa. Veronika alivipokea, akavinyoosha juu ya paja lake. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alirudisha miwani machoni.

"Kumsawazishia hii kunamaanisha kufuata palipo pafupi," alisema. "Itapanda juu ya magoti. Mwalimu akivaa hivyo, balozi wa nyumba kumi atamrudisha kwao kabla hajashika chaki. Na kitambaa kingine hakuna." Akamgeukia Mwaisha. "Unaondoka lini?"

"Jumanne asubuhi."

"Basi tuna nafasi. Panda kwenye kigoda. Yuliana, lete rula ya mbao na chaki. Pindo la mshazari halipimwi kutoka kiunoni, linapimwa kutoka chini, nguo ikiwa mwilini. Chini hakudanganyi."

Yuliana alifumua pindo. Kisha alisimamisha rula sakafuni kando ya kigoda na kuzunguka taratibu, akitia alama ya chaki hatua kwa hatua. Vijana walikuwa wakipita kwenda uwanjani kutazama mpira, na Saada akamwita kutoka njiani. Yuliana hakuinua kichwa. Alipomaliza kuzunguka, alama zote zilikuwa kimo kimoja, lakini zilikuwa juu, karibu kabisa na goti.

"Sasa urefu tutautafuta wapi?" aliuliza Mwaisha kwa unyonge.

"Chini hakuna. Tutautafuta juu," alijibu Veronika.

Alitoa kabatini mfuko mweupe wa unga wa ngano, wa kitambaa cha pamba, uliofuliwa hadi ukawa laini. Akakata kipande kipana kama kiganja, akakiunga juu ya sketi, kati ya kiuno na nyonga. Sketi yote ikashuka. Pindo likakaa chini ya magoti, mahali pa heshima.

Mwaisha alivaa tena, akachomeka blauzi ndani. Ule weupe ukaonekana wote.

"Mwalimu Unga," alisema mwenyewe, na safari hii wote walicheka.

"Basi usichomeke," alisema Veronika. "Iache nje."

Blauzi ile ndefu iliposhuka hadi mapajani, weupe ulipotea, lakini na sketi nayo ilipotea. Mwaisha alionekana kama gunia lililosimamishwa.

"Na nikijifunga khanga kiunoni?" aliuliza.

"Utapendeza jikoni. Lakini darasani, hii sketi itakuwa imekatwa mshazari ya nini? Yuliana, njoo utazame. Wewe unaona nini?"

Yuliana alikuja mbele ya kioo. Kwanza aliogopa kusema. Kisha akashika ncha ya blauzi, akaikunja kwa ndani, akaipandisha kidogo kidogo mpaka ikafika kwenye mfupa wa nyonga, chini tu ya ule weupe. Hapo ndipo kitu kikabadilika. Kiuno kikaonekana, nyonga zikapitiwa na kitambaa bila kushikwa, na sketi ikafunguka kuelekea chini.

"Hapa," alisema. "Ikishuka zaidi inamfanya mfupi. Ikipanda zaidi unga unaonekana."

"Na blauzi ipasuliwe kidogo pembeni, ili isivutike akiinua mkono kuandika," aliongeza Veronika. "Na ndani uvae shimizi, Mwaisha, maana mshazari hupenda kung'ang'ania miguu. Haya, inua mkono. Andika ubaoni."

Mwaisha aliinua mkono na kuandika hewani, mgongo ukiwa kwenye kioo. Akageuza shingo, akajitazama. Kisha akaandika tena mstari wa pili.

Sketi ilirudishwa kwenye boriti pamoja na vibanio vyake. Safari hii Yuliana ndiye aliyeitundika. Jumatatu, kabla ya kwenda shule, aliitazama bila kuigusa. Alipotoka shule aliokota pini kama kawaida, akafagia, akaitazama tena. Saada alichungulia mlangoni.

"Bucha bado lipo wazi?"

"Lipo," alijibu Yuliana. "Na nyama haijaiva, kwa hiyo nenda zako."

Jioni mama mkubwa aliangalia alama za chaki. Pembeni kitambaa kilikuwa kimeshuka tena, kidogo sana, chini ya upana wa kidole. Walimwita Mwaisha, wakapima upya kwa rula, ndipo Yuliana akapinda. Mshono ulikuwa mdogo mdogo kama ule wa kwanza.

Jumanne asubuhi walimsindikiza Mwaisha hadi barabarani, wakambebea sanduku lake la bati. Alivaa sketi ile ya kahawia na blauzi iliyofupishwa. Basi la Dumila lilipofika, alimshika Yuliana begani.

"Nilikukasirikia sana Jumapili," alisema. "Lakini ungenyamaza, ningeondoka na masikio ya mbuzi." Kisha akapanda ngazi za basi, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umeshika mkoba. Sketi ikacheza nyuma yake, ikatulia.

"Umeona?" Veronika aliuliza basi lilipoondoka. "Hajaivuta hata mara moja."

Walirudi wakitembea polepole, milima ya Uluguru ikiwa bado na ukungu mbele yao.

"Mama mkubwa," Yuliana aliuliza, "kwa nini hukunipiga?"

"Nilitaka. Lakini ulisema kweli wakati uongo ulikuwa bado unakufaa. Mimi nilikuwa nimeshajilaumu mwenyewe, wewe ungeweza kukaa kimya tu." Alisimama kupumua, kisha akaendelea. "Sikiliza, mwanangu. Kosa ni kama kitambaa cha mshazari. Unaweza kulipinda haraka ndani ya uongo, likakaa vizuri juu ya meza. Lakini halikai mezani, litavaliwa. Litaning'inia, litashuka, tena mbele za watu, na atakayeaibika huenda asiwe wewe. Likiri mapema, wakati kitambaa bado kinatosha kurekebisha. Na kazi inayotaka kungojwa, ingoje. Kungoja nako ni kufanya kazi."

"Nimeelewa, mama mkubwa."

Walipofika nyumbani, Veronika alikaa kwenye cherehani, akavuta sare ya kwanza kwenye rundo. Yuliana alipiga magoti kuokota pini. Juu ya kichwa chake alimsikia mama mkubwa anaimba kwa sauti ndogo, kisha wimbo ukakatika.

"Lile pindo," alisema Veronika, "umelimaliza wewe."

Akaendelea kuimba.