Skrini ya Tatu

Rafiki yangu ni fundi kompyuta, na si mtu wa porojo. Mchana mmoja aliitwa na mgane aliyetaka kompyuta ya marehemu mkewe, yenye mfumo wa Linux, iwekewe programu ya video na kuunganishwa na televisheni ya sebuleni. Mapazia yalikuwa yamefungwa, kukawa na kiza. Mdogo wake marehemu alikuwapo, akamnong'oneza fundi, akionyesha mlango uliofungwa: "Dada aliugulia katika chumba kile. Kila alipoita, huyu shemeji aliongeza sauti ya televisheni."

Fundi aliendelea na kazi. Programu iliingia vizuri. Alipofungua mipangilio ya skrini, akaona zimeorodheshwa skrini tatu.

"Ya tatu iko wapi, mzee?"

"Zipo hizi mbili tu."

Akabofya kitufe cha kuonyesha namba ya kila skrini. Kompyuta ikaandika moja, televisheni ikaandika mbili. Kisha mwanga wa buluu ukatokeza chini ya mlango wa chumba cha marehemu, na sauti dhaifu ya mwanamke ikaita kutoka mle, "Baba watoto, njoo basi."

Mgane alinyakua rimoti, akaongeza sauti. Televisheni ilibaki kimya. Iliyopanda ni sauti ya chumbani.

"Zima hiyo kitu," alisema mgane.

Fundi aling'oa waya zote, skrini zote mbili zikawa nyeusi.

"Nimeshazima, mzee."

Yule mdogo wa marehemu akaegemea mlango wa kutokea, akauziba. "Leo utamsikiliza, shemeji."

Mwanga wa chumbani haukuzimika, na mwanamke aliendelea kuita, sasa akiwa karibu kabisa na mlango.